Kufuli Mlangoni: Uhakiki wa Picha za Mahame ya Busia na Tororo

Picha ya kumi na saba katika bahasha niliyopewa na rafiki yangu ni ya mlango wa mbao. Rangi imebanduka, imebaki vipande vipande kama magamba ya samaki. Bati la juu limeshika kutu na kona yake moja imeinuka. Ukutani kuna ufa unaoshuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Nyuma ya picha ameandika kwa kalamu: "Nyumba iliyoachwa, Samia, Busia." Juu ya bahasha yenyewe ameandika neno moja kwa herufi kubwa: MAHAME.

Nyumba hiyo ni ya Kukhu, mama mzazi wa baba yangu. Hajaiacha. Analala humo kila usiku, na asubuhi picha hiyo ilipopigwa alikuwa kanisani.

Siku ya kwanza nilikasirika, sitaficha. Lakini hasira haiandiki uhakiki. Rafiki yangu anajua kupiga picha, na kazi yake inastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoyatumia darasani kusoma riwaya na mashairi: kilichomo, kilichoachwa nje, na sauti inayosimulia. Naomba basi tuisome hivyo.

Bahasha ina picha thelathini na moja, zote nyeusi na nyeupe. Kumi na mbili ni za Tororo: maduka ya zamani ya Wahindi, stesheni ya reli, behewa lililosahauliwa kwenye njia ya pembeni, na ule mwamba wa Tororo ukichungulia nyuma ya karibu kila kitu kama mzee aliyekaa barazani akiwatazama wapitao. Kumi na tisa ni za upande wa Kenya: Malaba, Busia mjini, kisha kusini huko Samia, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa na safu za nyumba za wafanyakazi tunazoziita landhi. Katika picha zote hizo nimehesabu watu watatu. Mmoja ni mtoto anayekimbia kutoka nje ya fremu, uso wake umefifia kwa mwendo. Wawili wametupa mgongo. Mbuzi ni wanane.

Nianze na iliyo bora. Picha ya tano, ile ya behewa, ningeitundika ukutani kwangu leo. Majani yamepenya sakafu yakatokeza mlangoni, lakini si majani yaliyonivuta. Ubavuni mwa behewa kuna tabaka tatu za rangi, na katika kila tabaka herufi zinasomeka kwa taabu. Ukizifuata unapata historia ya eneo hili bila kufungua kitabu. Kwanza ni Reli ya Afrika Mashariki, iliyokuwa moja kwa nchi zote. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaunda shirika lake, na Uganda ikapaka rangi yake juu ya ile ya zamani. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zikakabidhiwa kampuni moja, Rift Valley Railways, nayo ikaja na ndoo yake ya rangi. Mpigapicha amesogea karibu, ameinamisha kamera kidogo ili mwanga wa pembeni uonyeshe kingo za kila tabaka. Picha hii haisemi tu kwamba kitu kimeharibika. Inataja waliokishika na kukiachia, mmoja baada ya mwingine.

Sasa ilinganishe na picha ya nane, ya duka la Tororo. Duka hilo ni la aina tunayoijua sote katika miji ya mpakani: baraza mbele, nguzo nne, milango ya mbao inayokunjwa, na juu kabisa kikuta chenye jina la mwenye duka na mwaka wa ujenzi, vilivyochorwa kwa saruji. Katika picha ya nane mwaka unaonekana. Jina limekatwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema upande ule kulikuwa na waya wa umeme ulioharibu mstari wa paa. Ni sababu ya kweli, na wapigapicha watamwelewa. Ila angalia kilichotokea: tumebaki na tarehe isiyo na mtu. Jengo limekuwa zee kwa sababu miaka imepita, basi, kana kwamba miaka ndiyo iliyofukuza watu.

Miaka haikumfukuza mtu yeyote Tororo. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alizungumza na wanajeshi katika kambi iliyo hapo hapo Tororo, na katika hotuba hiyo akatangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90, na katika wiki zilizofuata amri ikapanuka na kugusa wengine. Tangazo lililobadilisha kila mji wa Uganda lilitolewa mwendo mfupi tu kutoka kwenye baraza hilo la nguzo nne. Baadhi yao waliondoka kwa garimoshi kwenda Mombasa kupanda meli, na reli ya kwenda Mombasa hupita Tororo. Maduka yalipewa watu ambao Waganda waliwabandika jina la "mafuta mingi". (Mwalimu wa sarufi atasema ni mafuta mengi. Namwomba aliache lilivyo. Kosa hilo la upatanisho limehifadhi kejeli ya enzi nzima.)

Kisha likaja swali la umiliki, na hili ndilo linaloeleza rangi iliyobanduka kuliko mvua na jua. Mali ziliwekwa chini ya bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuwarudishia, na katika miaka ya 1990 wenye mali au watoto wao wakaja kudai. Ukijumlisha, ni miaka ishirini na zaidi ambamo mpangaji hakujua kesho nyumba itakuwa ya nani. Nani atanunua rangi katika hali hiyo? Uchakavu ule anaoupenda rafiki yangu, ule wa mikunjo na madoa kama ramani, ni uchakavu wa kisheria. Una faili, una barua, una mihuri. Jina lililokatwa juu ya fremu ndilo lingetuongoza huko.

Baada ya kusoma picha ya nane mara kadhaa niligundua jambo la pili, na nikarudi kwenye bahasha yote kulihakikisha. Sakafu ya baraza la duka hilo ina vijishimo vinne vidogo vilivyolika kwenye saruji, kisha vinne vingine, kisha vinne tena. Mtu asiyekulia kwenye baraza kama lile hatavitambua. Ni alama za miguu ya cherehani. Mafundi watatu hukaa pale, miaka nenda miaka rudi, na kila jioni huingiza vyombo vyao ndani. Vivuli katika picha ni virefu, maana yake ni asubuhi mapema, na barabara nyeupe haina hata baiskeli. Nikatazama picha ya soko la Busia: meza tupu. Picha ya landhi: milango yote imefungwa. Nikampigia simu.

"Hizi picha ulizipiga siku gani?"

"Jumapili. Siku nyingine si tuna masomo? Halafu Jumapili bodaboda hazikusumbui."

Thelathini na moja, zote Jumapili asubuhi. Mtu angeweza kupiga picha za jiji lolote Afrika Mashariki kwa utaratibu huo akalionyesha kuwa limehamwa. Na amechagua kuufanyia Busia, mji ambao usafiri wake wa kuvusha watu mpakani kwa baiskeli ndio uliozaa neno bodaboda, linalotumika leo kutoka Kampala hadi Dar es Salaam.

Turudi kwenye neno alilolichagua mwenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa ya mahali palipoishiwa na watu. Gofu ni jengo lililobaki mifupa, na ndiyo maana twasema pia gofu la mtu. Tongo ni kiwanja palipokuwa na makazi. Mahame ni tofauti: limetoka kwenye kitenzi kuhama, na kitenzi hicho hakiendi bila mtendaji. Ukisema mahame umekwisha kusema kuna watu waliohama, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni akina nani, lini, na nini kiliwahamisha. Rafiki yangu alitaka neno lenye mvuto akaokota lenye masharti. Angeandika Magofu nisingekuwa na hoja nzito hivi.

Fasihi yetu imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi kuhusu majumba ya Pate yaliyoanguka, hakutosheka na popo na buibui, ingawa wamo. Alituingiza vyumbani, akatuonyesha taa zilizokuwa zikiwaka na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure, halafu akawauliza waliokuwamo kwa majina, watu wa ukoo wake wakiwa miongoni mwao. Ukimaliza kuusoma unajua kilichopotea ni kitu cha nani. Sisemi picha lazima ifanye kazi ya utenzi. Kamera haiwezi kuuliza swali kwa namna ile. Lakini behewa la picha ya tano linakaribia, na linakaribia kwa sababu limetaja.

Rafiki yangu alipojitetea alinitajia mabingwa. Alinionyesha kwenye simu kazi ya Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, waliopiga picha Detroit, Marekani, na kuchapisha kitabu mwaka 2010. Ni picha kubwa, za kutisha kwa uzuri: kumbi za muziki zenye dari zilizoporomoka, na ile stesheni kuu ya garimoshi iliyofungwa mwaka 1988. Naelewa kwa nini zimemteka. Lakini wakaazi wa Detroit wamelalamika sana kuhusu picha za aina hiyo, maana mji huo bado una watu zaidi ya 600,000 na wao hawamo. Stesheni yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Ford mwaka 2018, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Mtu anayeijua kwa picha tu angeapa kwamba ilikufa.

Mimi nilimtajia Guy Tillim wa Afrika Kusini, aliyezunguka Msumbiji, Angola, Kongo na nchi nyingine akipiga picha za majengo ya zama za uhuru, akazikusanya mwaka 2008 katika kitabu alichokiita kwa jina la barabara ya Patrice Lumumba. Majengo yake yamechakaa kuliko ya Tororo. Lakini makarani wamo. Wameketi kwenye meza zao, huko Likasi na Lubumbashi wanakosema Kiswahili chao kitamu, mafaili yamerundikana, pazia limechanika, na kazi inaendelea. Tillim hajaficha uchakavu wala hajawapamba watu. Amekubali tu kwenda siku ya kazi.

Kuna mfano mwingine wa hapa karibu, nao unanisumbua zaidi. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, ilionyesha picha za wapigapicha wa serikali ya Amin, zilizotoka katika hazina ya filamu zipatazo 70,000 zilizokuwa zimehifadhiwa na shirika la utangazaji. Ni mikutano, magwaride, wageni wa heshima, umati unaopiga makofi. Mauaji ya miaka ile karibu hayaonekani. Zile picha zimejaa watu na bado hazikusema. Kwa hiyo sitamwambia rafiki yangu kwamba dawa ni kuweka watu katika fremu. Swali ni nani aliyetolewa, na nani anafaidika akitolewa.

Hapo ndipo nirudi kwenye mlango wa Kukhu, kwa kuwa katika picha ya kumi na saba swali hilo si la nadharia.

Pamba ya Kenya ilianza kudidimia kwa kasi baada ya soko kuachwa huru mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mitumba na nguo za nje zikajaa. Kiwanda alichofanyia kazi babu yangu kilifungwa, na yeye na wenzake wengi hawakulipwa walichokuwa wakidai. Walichobaki nacho ni vyumba vya landhi. Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyewapa hati. Babu alifia humo. Kukhu akabaki, akapanda mihogo mahali palipokuwa pakiegeshwa magari ya mizigo, akafuga kuku. Miaka miwili iliyopita walikuja watu wenye tepu na vigingi wakapima uwanja wote. Walimwomba Kukhu karatasi. Akawaletea kadi ya kazi ya babu, imelainika kama kitambaa. Wakaitazama, wakamrudishia kwa heshima. Baadaye tukasikia kwamba katika taarifa yao zile landhi zimeandikwa kuwa ni majengo matupu.

Sasa fikiria picha safi, iliyopigwa kwa ustadi, isiyo na mtu, imeandikwa nyuma yake "Nyumba iliyoachwa", halafu itundikwe kwenye maonyesho ya chuo au ichapishwe gazetini. Mpigapicha hana nia mbaya. Karatasi nayo haina nia, na bado huandikiwa rufaa.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi wa upande wa pili umo ndani ya picha yenyewe. Mlangoni kuna kufuli. Ni dogo, linang'aa, ndicho kitu kipya pekee katika fremu nzima. Hakuna anayefunga kufuli nyumba aliyoihama. Na ukitazama ardhi mbele ya kizingiti utaona mistari myembamba iliyopinda pamoja kama maandishi: ni alama za ufagio wa chelewa. Mwanga wa asubuhi umeikoleza mistari hiyo vizuri sana, na ninaamini ndiyo iliyomfanya apige goti na kubonyeza. Aliiona kama umbo. Hakuisoma.

Nilimpelekea Kukhu nakala. Aliishika mbali na macho, kisha karibu, kisha akacheka.

"Huyu kijana aliona uwanja umefagiliwa. Alidhani umefagiliwa na nani?"

Nikamweleza kuwa ni rafiki yangu. Akasema nimlete, na nisimlete Jumapili.

Tulikwenda Jumatano ya likizo. Rafiki yangu, ambaye kwao ni Nakuru, alimsalimu kwa adabu, akamwita nyanya, akaomba radhi kabla hajakaa. Kukhu alimkatiza: kwanza chai. Tukanywa chai kwa viazi vitamu. Kisha Kukhu akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la chama cha akina mama wa kanisa, lile la buluu lenye kola nyeupe, akasimama mlangoni mikono ikiwa imebana mbavuni, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ni lazima niseme ukweli kwa kuwa huu ni uhakiki: picha hiyo mpya ni dhaifu. Jua lilikuwa la utosi, uso wa Kukhu umemezwa na kivuli cha bati, mlango hauna uzito uliokuwa nao. Rafiki yangu alinionyesha zote mbili kwenye skrini bila kusema neno, akaningoja. Nilikiri kwamba ya kwanza ndiyo picha. Akasema, "Unaona basi." Niliona. Lakini Kukhu aliomba achapishiwe hiyo ya pili, na sasa iko ukutani karibu na kalenda, naye huwaonyesha wageni.

Tumesafiri naye kurudi tukibishana hadi Nakuru. Amekubali kurudi Tororo siku ya soko kupiga upya baraza la nguzo nne, waya wa umeme uwemo na jina liwemo. Nyuma ya picha ya kumi na saba amefuta alichoandika, akaandika jina la Kukhu na mwaka alioingia katika chumba hicho, 1974. Kuhusu neno lililo juu ya bahasha hatujaelewana. Yeye anasema akiliondoa, mkusanyiko wote utakosa uti wa mgongo. Mimi namwambia abaki nalo kwa yale maduka, mradi aandike waliohama ni akina nani. Lakini landhi azitoe katika bahasha hiyo kabisa, azitafutie nyingine. Maonyesho ni mwezi ujao.